Bei ya Mgombea Si Kura Yake

Neno kura, ambalo leo halitamkwi nchini Kenya bila kuibua taswira ya foleni ndefu, wino kidoleni na masanduku yenye vifuniko vya rangi, halikuzaliwa katika siasa. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kupigia bahati: vijiti, vikaratasi au vijiwe vinavyotumiwa kumwamulia mtu fungu lake. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anawafahamu askari walioyapigia kura mavazi ya Yesu, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akimchagua kiongozi. Wanawake wa vyama vya kuchangiana hadi leo hupiga kura ya namna hiyo hiyo wanapotaka kujua ni nani atakayepokea mchango kwanza. Lugha ilihitaji muda mrefu kulitoa neno hili mikononi mwa bahati na kulitia mikononi mwa hiari. Kura ikaacha kuwa jambo linalomwangukia mtu, ikawa jambo ambalo mtu analitenda.

Safari hiyo ya neno inafaa kukumbukwa wakati huu ambapo nchini Marekani, taifa lililozoea kujitaja kuwa mwalimu wa demokrasia, kura inaelekea kushika njia ya kurudi ilikotoka. Kinachozungumziwa hapa ni masoko ya ubashiri, yaani masoko ambamo watu hununua na kuuza dau juu ya matukio ambayo hayajatokea. Mtu anayetaka ugavana wa jimbo la Marekani siku hizi huwa na bei hata kabla ya kuupata uteuzi wa chama chake. Bei hiyo hupanda na kushuka usiku na mchana, huandikwa magazetini, hutajwa redioni, na washauri wa kampeni huitazama kama wakulima wanavyolitazama wingu.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuueleza. Soko hutoa hisa inayosema kwamba fulani atashinda mchujo wa chama chake. Akishinda, kila hisa hulipwa dola 1. Akishindwa, hailipwi chochote. Baina ya siku ya kutolewa na siku ya matokeo, hisa hiyo huuzwa kwa bei yoyote iliyo kati ya senti 1 na senti 99, kwa kadiri ya wanunuzi na wauzaji waliopo. Hisa ya mgombea ikiuzwa kwa senti 62, wenye soko husema kwamba uwezekano wake wa kushinda ni asilimia 62. Hapo ndipo penye tatizo, maana sentensi hiyo imevuka mto bila daraja. Senti 62 ni habari ya watu wawili, aliyenunua mwisho na aliyeuza mwisho. Asilimia 62 inadaiwa kuwa habari ya mamia ya maelfu ya wapiga kura ambao huenda hata mmoja wao hajawahi kuonana na watu hao wawili.

Mfano ulio karibu ni wa jimbo la New Jersey, ambalo lilifanya mchujo wake wa ugavana tarehe 10 Juni 2025. Msomaji wa Kenya, akilisikia neno mchujo, hukumbuka mambo kama yale ya Aprili 2017, pale chama cha Jubilee kilipolazimika kuifuta shughuli ya siku ya kwanza kwa sababu ya uhaba wa karatasi za kura na vurugu vituoni. Mchujo wa New Jersey ni wa namna nyingine. Huendeshwa na maafisa wa uchaguzi wa umma, siku moja kwa vyama vyote viwili vikubwa, na mpiga kura asiyejisajili katika chama chochote anaweza kujitangaza kuwa mwanachama pale pale kituoni. Kwa upande wa Republican hapakuwa na la kusimulia sana: Jack Ciattarelli, aliyekuwa ameungwa mkono na Rais Donald Trump, alishinda kwa zaidi ya theluthi mbili ya kura. Pilikapilika zilikuwa katika chama cha Democratic, ambako wagombea 6 waliwania kumrithi Gavana Phil Murphy, aliyekuwa akimaliza vipindi viwili anavyoruhusiwa na katiba ya jimbo.

Kuna jambo moja kuhusu mchujo huo ambalo halikuwahi kuonekana kwa miongo mingi. Katika kaunti 19 kati ya 21 za jimbo hilo, viongozi wa chama walikuwa na desturi ya kumpanga mgombea wao katika safu ya heshima kwenye karatasi ya kura, sambamba na wagombea wengine walioungwa mkono na chama, huku wapinzani wakitupwa pembeni mahali ambapo jicho halifiki upesi. Desturi hiyo iliitwa kwa kifupi mstari. Aliyepewa mstari katika kaunti kubwa alikuwa amekwisha kuvuka nusu ya safari. Mnamo Machi 2024, katika kesi iliyoletwa na Andy Kim, ambaye wakati huo alikuwa mbunge akiwania useneta, jaji wa mahakama ya shirikisho aliuzuia mstari huo katika mchujo wa Democratic. Kwa hivyo mchujo wa ugavana wa 2025 ulifanywa kwa karatasi ambayo majina ya wawaniaji wa kiti kimoja yaliwekwa pamoja. Yeyote aliyedai kujua bei ya haki ya mgombea katika mazingira hayo alikuwa akikadiria uzito wa ng'ombe aliye bado zizini, tena gizani.

Wawaniaji wenyewe hawakuwa watu wadogo. Alikuwapo Mikie Sherrill, mbunge na rubani wa zamani wa helikopta katika jeshi la majini. Josh Gottheimer, mbunge mwenzake. Steve Fulop, meya wa Jersey City. Steve Sweeney, aliyekuwa kiongozi wa seneti ya jimbo kwa miaka mingi. Sean Spiller, mkuu wa chama kikubwa cha walimu. Na Ras Baraka, meya wa Newark tangu 2014.

Wapenzi wa Kiswahili hawana budi kusita kidogo kwenye jina hilo la mwisho. Jina kamili la meya huyo ni Ras Jua Baraka. Babake ni mshairi na mwandishi wa tamthilia aliyezaliwa LeRoi Jones mjini humo humo Newark, na ambaye katika miaka ya 1960, pamoja na Wamarekani Weusi wengine walioona katika Kiswahili lugha ya Afrika isiyokuwa mali ya kabila moja, alijivua jina hilo na kuwa Amiri Baraka. Ni katika vuguvugu hilo hilo ambapo Maulana Karenga aliasisi sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966. Kwa hiyo, maneno mawili ambayo mtoto wa Pwani huyajua kabla hajaanza shule, jua na baraka, yalifika katika mchujo wa ugavana wa New Jersey kwa njia ambayo hakuna soko lingeibashiri. Tarehe 9 Mei 2025, mwezi mmoja kabla ya mchujo, meya huyo alikamatwa nje ya kituo cha kuzuilia wahamiaji mjini mwake. Shtaka dhidi yake liliondolewa baada ya siku chache.

Soko lilimpenda Sherrill. Kura za maoni, chache zilizofanywa, zilimweka mbele, na bei ya hisa yake ikafuata. Waliobaki walikuwa wa bei rahisi. Matokeo yalipotoka, Sherrill alikuwa amepata takriban asilimia 34, Baraka asilimia 20 na ushei, Fulop asilimia 16 hivi. Spiller, ambaye kundi lenye uhusiano na chama chake cha walimu lilikuwa limetumia makumi ya mamilioni ya dola kumpigia debe, aliambulia takriban asilimia 10. Soko lilikuwa limesema kweli, na haki ni kulisifu panapostahili sifa.

Aidha, watetezi wa masoko haya hawasemi upuuzi mtupu. Wanashikilia kwamba mtu anayeweka fedha yake hufikiri kwa makini kuliko anayejibu simu ya mtafiti kwa mdomo tu, na kwamba fedha nyingi zikikutana, kila moja ikiwa na kipande chake cha maarifa, ujumla wake hukaribia ukweli. Historia inawapa ushahidi. Tangu baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe hadi karibu na Vita vya Pili vya Dunia, New York ilikuwa na soko kubwa la dau za uchaguzi wa rais, na magazeti yalichapisha bei za wagombea msimu mzima wa kampeni. Wanauchumi waliolichunguza soko hilo waligundua kwamba katika kipindi chote hicho ni mara moja tu, mwaka 1916, ambapo mgombea aliyependelewa waziwazi mwezi mmoja kabla ya uchaguzi alishindwa: Charles Evans Hughes alipendelewa, Woodrow Wilson akashinda. Mwaka 1988 walimu wa Chuo Kikuu cha Iowa walianzisha soko dogo kwa ajili ya utafiti, ambalo mtu hakuruhusiwa kuweka zaidi ya dola 500, na mara nyingi lilizishinda kura za maoni. Hata mwaka 2024, mfanyabiashara mmoja Mfaransa aliyeweka zaidi ya dola milioni 30 juu ya ushindi wa Trump hakuwa akipiga ramli. Alikuwa amegharimia uchunguzi wake mwenyewe, akawauliza watu si wao watampigia nani kura, bali majirani zao watampigia nani. Alivuna makumi ya mamilioni.

Lakini hayo yote ni habari za uchaguzi wa rais, mahali ambapo fedha ni nyingi, kura za maoni ni mamia, na wapiga kura wengi wamekwisha kufungamana na chama chao tangu ujana. Mchujo wa jimbo ni kisima kingine. Ndani ya mchujo wagombea wote wanavaa rangi moja, kwa hivyo kigezo kikuu ambacho mpiga kura hutumia mwezi Novemba hakimsaidii. Anachagua kati ya ndugu. Anaamua kwa kuchelewa, wakati mwingine akiwa katika foleni, na anaweza kumhama mmoja na kumwendea mwingine bila kuhisi kwamba amesaliti chochote. Watafiti wa kura za maoni ni wachache kwa sababu kazi hiyo ni ghali. Hawajui hata ni nani atakayejitokeza. Na soko nalo, licha ya majivuno yake, linakula kutoka chungu hicho hicho. Kura ya maoni moja ikitoka, bei inaruka. Isipotoka, bei inalala. Kinachouzwa kama hekima ya wengi, aghalabu, ni mwangwi wa mtafiti mmoja aliyepiga simu wiki iliyopita.

Hilo lilionekana Florida mwaka 2018. Katika mchujo wa ugavana wa chama cha Democratic, kura za maoni kwa muda mrefu zilimweka mbele Gwen Graham, mbunge wa zamani na binti wa Bob Graham aliyewahi kuwa gavana na seneta wa jimbo hilo. Andrew Gillum, meya wa Tallahassee, alikuwa na fedha kidogo kuliko washindani wake wakuu, na tafiti nyingi zilimweka katika nafasi ya tatu au ya nne. Tarehe 28 Agosti wapiga kura walimpa Gillum asilimia 34 na Graham 31. Watu waliokuwa makanisani, vyuoni na katika mitaa ya Weusi wakihamasishana katika wiki za mwisho hawakuwa wamejificha. Ni kwamba hapakuwa na mtu aliyekwenda kuwauliza. Mwezi Novemba Gillum alishindwa na Ron DeSantis kwa pengo lisilofika nusu ya asilimia moja.

Na ushahidi wa karibu zaidi uko ng'ambo ya mto tu. Wiki mbili baada ya mchujo wa New Jersey, tarehe 24 Juni 2025, mji wa New York ulifanya mchujo wa Democratic wa umeya. Si wa ugavana, ni kweli, lakini mmoja wa wawaniaji alikuwa Andrew Cuomo, aliyekuwa gavana wa jimbo zima la New York kwa miaka 10, na mji wenyewe una watu karibu sawa na wa New Jersey yote. Kwa sehemu kubwa ya kampeni masoko yalimpa Cuomo bei ya mtu aliyekwisha kushinda. Mpinzani wake, Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, mwana wa msomi Mahmood Mamdani ambaye wanafunzi wa historia na siasa wa Afrika Mashariki hawamhitaji kutambulishwa, alianza akiwa na bei ya njugu. Vijana wake walibisha hodi mlango baada ya mlango. Katika hesabu ya kwanza Mamdani alipata zaidi ya asilimia 43, Cuomo 36, naye Cuomo akakiri kushindwa usiku ule ule.

Mtetezi wa masoko atajibu kwamba hakuna kosa hapo. Mwenye asilimia 20 hushinda mara moja katika kila mara tano, na hii ilikuwa mara hiyo. Jibu hilo ni la kijanja kuliko linavyoonekana, kwa kuwa halina siku ambayo linaweza kupatikana na hatia. Aliyependelewa akishinda, soko limejua. Akishindwa, soko lilikuwa limetuonya. Mganga wa ramli naye hujibu hivyo hivyo mteja akirudi kulalamika. Kwa chaguzi elfu moja zilizopangwa pamoja mtu anaweza kulipima soko kwa haki. Kwa mchujo mmoja, ambao hautarudiwa kamwe na watu wale wale katika mwaka ule ule, hawezi. Na mpiga kura wa Newark au wa Queens hana chaguzi elfu moja. Anao huo mmoja.

Haitoshi kusema kwamba bei inaweza kukosea. Bei inaweza pia kusukumwa. Yeyote aliyewahi kushuka katika kituo cha mabasi mjini anaujua mchezo wa pata potea: karata tatu, kijana mwenye mikono myepesi, na duara la watazamaji. Anayeshinda raundi ya kwanza mbele ya macho ya wote si mgeni. Ni mwenzake mchezeshaji, na ushindi wake ni tangazo. Katika uchaguzi wa rais wa 2012, mtu mmoja alinunua hisa za Mitt Romney kwa wingi usio wa kawaida katika soko la Intrade lililokuwa na makao yake Dublin, hata theluthi moja ya fedha zote zilizowekwa juu ya Romney katika wiki mbili za mwisho ikawa yake. Alipoteza mamilioni ya dola. Nia yake haijulikani kwa hakika, lakini kwa muda wote huo bei ya Romney ilionekana yenye afya kuliko kampeni yake. Ikiwa hilo liliwezekana katika uchaguzi wa rais, mahali ambapo soko lina kina kirefu, kwa mchujo wa jimbo ambao biashara yake ni haba kiasi gani cha fedha kinahitajika kumpandisha mtu? Kampeni inayotumia mamilioni kwa matangazo ya televisheni haitashindwa kutenga kifungu kidogo kwa tangazo ambalo halionekani kuwa tangazo. Yupo hata mwaniaji mmoja wa ugavana wa California aliyenunua dau la ushindi wake mwenyewe, la kiasi cha dola 200 hivi, na kujionyesha kwenye video akifanya hivyo. Soko la Kalshi lilitangaza mwaka 2026 kwamba limemtoza faini na kumfungia miaka 5. Huyo alijitangaza mwenyewe. Wasiojitangaza ndio wa kuhofiwa.

Suala la ni nani anayenunua lina uzito wake pia. Soko la Polymarket lilitozwa faini na tume ya serikali kuu ya Marekani mnamo Januari 2022, likatakiwa kuwafungia Wamarekani milango. Maana yake ni kwamba wakati wa mchujo wa New Jersey, kwa mujibu wa kanuni, hapakuwa na mpiga kura hata mmoja wa New Jersey aliyeruhusiwa kununua hisa katika soko hilo ambalo bei zake zilinukuliwa kila mahali. Kwa upande wa Kalshi, Wamarekani waliruhusiwa baada ya mahakama kuipa kampuni hiyo ushindi dhidi ya tume hiyo hiyo mwaka 2024. Huko nako mkazi wa New Jersey aliweza kumwekea mgombea dau asubuhi na kumpigia kura jioni. Zamani jambo hilo lilionekana kuwa la aibu. Katika sheria za uchaguzi za jimbo la Wisconsin mna kifungu kinachomnyima mtu haki ya kupiga kura katika uchaguzi ambao ameuwekea dau. Waliokitunga walielewa kwamba mtu mmoja hawezi kuwa mwamuzi na mcheza kamari wa pambano lile lile bila moja ya kazi hizo kuila nyingine.

Wapo watakaouliza hasara iko wapi ikiwa watu wazima wanapoteza fedha zao kwa hiari. Hasara haiko kwa anayepoteza fedha. Iko kwa mgombea ambaye mfadhili anampigia simu na kumwambia, kwa upole, kwamba angependa kumchangia lakini bei yake ni senti 4. Iko kwa mwanahabari anayeacha kuhudhuria mikutano ya mgombea huyo kwa kuwa "hana nafasi", na hivyo kuhakikisha kwamba hatakuwa nayo. Iko kwa mwalimu au mchuuzi ambaye, jioni ya siku ya kura, akiwa amechoka, anajiambia kwamba jambo limekwisha kuamuliwa. Katika mchujo wa New Jersey wa chama cha Democratic walipiga kura watu zaidi ya 800,000 katika jimbo lenye watu zaidi ya milioni 9. Kila anayebaki nyumbani katika shughuli ndogo kama hiyo anaacha pengo kubwa kuliko anavyodhani.

Zaidi ya hayo, kuna jambo ambalo soko haliwezi kulisema kwa sababu halina msamiati wake. Katika soko, wa pili na wa sita ni sawa. Usiku wa tarehe 10 Juni hisa ya Baraka, aliyepigiwa kura na zaidi ya watu 160,000, ililipwa sawasawa na hisa ya Sweeney aliyeshika mkia: sufuri. Lakini katika siasa kura hizo hazikuwa sufuri. Zilikuwa za watu wa Newark na miji jirani waliokuwa wakisema neno kuhusu kodi za nyumba, polisi, na kituo kile cha wahamiaji ambacho meya wao alikamatiwa mlangoni pake. Sherrill aliwahitaji mwezi Novemba, na alilazimika kwenda kwao. Tarehe 4 Novemba 2025 alimshinda Ciattarelli kwa zaidi ya asilimia 13. Mpiga kura wa aliyeshindwa hapotezi kura yake kama mcheza kamari anavyolipoteza dau lake. Ameiweka mahali ambapo mshindi ataiona.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapoingia, maana habari hizi hufika Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam kupitia kwa wafasiri, na mfasiri ndiye anayeamua raia wa huku atayaelewaje. Vyombo vyetu vimezoea kuandika kwamba mgombea fulani "ana uwezekano wa asilimia 62", au kwamba "anatabiriwa kushinda", kana kwamba yupo mjuzi aliyekaa akatafakari. Kutabiri ni kazi yenye mwenyewe. Anayetabiri mvua huweka jina lake, na isiponyesha huulizwa. Kubashiri nalo lilikuwa neno la heshima, jamaa ya bishara, yaani habari njema. Kampuni za kamari za humu nchini zimelichukua zikalivisha jezi za soka, na sasa kijana akisikia ubashiri hafikirii chochote ila mkeka wa mechi za Jumamosi. Kijana huyo huyo, mwenye simu ile ile, ndiye atakayeletewa kesho hisa za magavana wa nchi yoyote duniani, na hakuna sababu ya kuamini kwamba wenye masoko wataziruka kaunti 47 za Kenya iwapo watapata wanunuzi.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kulitaja jambo hili kwa jina lake. Kinalo dau, ambalo kwa mtu wa Pwani ni chombo cha baharini na pia fedha iliyowekwa mchezoni, na katika maana zote mbili linaweza kuzama. Kinayo kamari. Kinayo bei. Mhariri wa habari za kimataifa anapoletewa taarifa kwamba mgombea wa ugavana huko Georgia au Michigan anaongoza sokoni, halazimiki kuvuka mto pamoja na wenye soko. Anaweza kuandika kwamba hisa ya mgombea huyo jana iliuzwa kwa senti 62, katika soko gani, na kwamba biashara ya siku hiyo ilikuwa dola kiasi gani. Kisha, nafasi ikimruhusu, aandike mchujo utafanyika lini na ni nani wanaoruhusiwa kupiga kura.